Ubatizo wa Injini 2714

Aliyekufa alikuwa mchoraji wa maandishi, aliyekamatwa alikuwa Mjapani, na kwa watu wa Tolliver kesi ilikuwa imekwisha kabla hata kahawa ya asubuhi haijachemka. Kilichobaki ni kumpakia mzee huyo kwenye gari la moshi la alasiri, pingu mkononi, akakabidhiwe watu wa serikali kuu huko Cheyenne. Na siku hizo za Aprili 1942, mtu mwenye sura kama yake akishtakiwa kuhujumu reli hakuwa na haja ya kubeba nguo za kubadilisha.

Orrin Tackett, mpelelezi wa Kampuni ya Reli ya Platte na Milima, alikuwa ametumwa kuja kutia sahihi tu. "Tia sahihi, kula pai, rudi," mkubwa wake alimwambia kwenye simu. Pai alikula, tena ya tufaha, na ilikuwa tamu. Sahihi ndiyo iliyomkwama. Kwa hiyo sasa alikuwa amesimama mbele ya banda la injini, mikono mfukoni, akimtazama mtuhumiwa ambaye hakuna aliyethubutu kumhoji.

Injini 2714 ilikuwa vile vile ilivyoanguka jana mchana: pua ndani ya shimo la kugeuzia injini, mkia juu, kama ng'ombe anayekunywa maji bwawani. Moto wake ulikuwa umemwagwa, lakini chuma kingi kiasi kile hakipoi kwa siku moja. Kila baada ya muda kitu fulani tumboni mwake kililia *tak*, kikanyamaza, kisha pumzi ndefu ikatoka mahali ambapo huwezi kupaonyesha kwa kidole. Kila ilipopumua, wanaume waliokuwa uwanjani waliacha walichokuwa wakifanya. Mmoja alivua kofia. Mwingine alijifanya anakohoa.

Ubavuni, chini ya dirisha la dereva, lilikuwapo neno jipya la rangi ya fedha, jina la jenerali wa Marekani aliyekuwa akipigana na Wajapani: MACARTHUR.

"Usimwite kwa jina la zamani," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa mwanamke aliyevaa ovaroli ya mwanamume mnene, mkononi ameshika tambara lenye grisi. Aliitwa Marvel Oates. Miezi mitatu nyuma alikuwa akigawa mayai na nyama mkahawani pale stesheni. Wanaume walipoanza kwenda vitani, kampuni ikamwita kusafisha injini.

"Nisimwite nani?"

"Huyo."

"Jina la zamani ni lipi?"

"Ala! Unataka niende nikazoe majivu?" Marvel alicheka, ila macho yake hayakutoka shimoni. "Amri imetoka wiki iliyopita, bwana mpelelezi. Anayetamka lile jina la Kijapani anapewa koleo na kupelekwa shimo la majivu. Mafundi wazee wameshinda huko siku nzima, midomo imezoea. Wanasema 'pole', wanazoa, wanapanda juu, wanalisema tena."

"Mikado," alisema Tackett.

"Haya, majivu yako yale pale."

Tackett alitabasamu. Yeye mwenyewe alianza maisha kama mpakia makaa, hadi siku mvuke ulipomchukulia vidole viwili vya mkono wa kushoto na kampuni ikamwonea huruma kwa kumpa beji. Alikuwa ameyakuta majina hayo na hakuwahi kujiuliza mara mbili. Injini huitwa kwa jinsi magurudumu yake yalivyopangwa. Hii ilikuwa na madogo mawili mbele, makubwa manane katikati, madogo mawili nyuma. Zamani kabla hajazaliwa, kiwanda kimoja cha Philadelphia kiliunda kundi la injini za namna hiyo kwa ajili ya reli ya Japani, na watu wa reli, ambao hawajui kukaa na kitu bila kukipachika jina, wakaziita kwa cheo cha mfalme wa huko. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na mfalme huyo wakati ule.

"Unajua wenzetu wa kusini wana injini ambayo nchi nzima inaiita Northern?" alisema. "Wao wamekataa katakata. Babu zao walipigwa na watu wa kaskazini, ndiyo kisa. Wameiita Dixie, na inavuta mabehewa yale yale."

"Basi huko injini haikukasirika. Huyu wetu amekasirika." Marvel alishusha sauti. "Alipakwa jina saa za asubuhi, mchana ameua aliyempaka. Hakuna mtu ndani, afande. Hakuna. Tulikuwa wote kantini tunakula pai. Akaondoka mwenyewe, polepole, kama mtu anayetoka msibani."

"Kwa hiyo unaamini ni mzimu."

"Mimi naamini ninacholipwa kuamini. Sherifu anasema ni yule mzee Mjapani, Tsukuda. Mafundi wanasema ni mzimu. Bosi Bowman hasemi kitu, na huyo ndiye ananiogopesha kuliko wote."

Injini ilipumua. Marvel akapiga hatua nyuma bila kujua amepiga.

Tackett aliweka ngazi na kupanda.

Kuingia katika chumba cha dereva kilicholala pua chini ni kama kuingia jikoni kwa mtu usiku wa tetemeko. Koleo, kopo la mafuta, kiti cha dereva, vyote vilikuwa vimesukumana mbele kwenye mlango wa tanuru. Joto lilimgusa usoni kama kiganja. Vidole ambavyo hakuwa navyo vilianza kuwasha.

Kisha akatazama mipini, mmoja mmoja, kama padri anayehesabu waumini.

Mpini wa mvuke, ule unaoifanya injini itembee, ulikuwa umefungwa. Aliuvuta. Haukusogea hata unywele: bati la mbele lilikuwa limejikunja na kuubana pale pale wakati wa kuanguka. Kwa hiyo ulifungwa kabla injini haijaanguka, na hakuna aliyeugusa baadaye.

Mpini wa mwelekeo ulikuwa umesukumwa mbele. Hapo alikunja uso. Injini ikilazwa, yaani ikiegeshwa na kuachwa, mpini ule huwekwa katikati, usielekee mbele wala nyuma. Kila mtoto wa reli anajua.

Koki za silinda, zile zinazoachwa wazi ili mvuke unaovuja utokee chini na usiisukume injini, zilikuwa zimefungwa.

Pampu ya hewa ya breki, imefungwa. Na breki zikikosa pampu huchoka zenyewe, taratibu, bila kumuaga mtu.

Alitoa kichwa dirishani. "Dada Marvel! Valve yake ya mvuke ilikuwa inavuja?"

"Kama bomba la jikoni kwetu! Kila mtu anajua. Zamu yake ya kutengenezwa imeahirishwa tangu Krismasi, ati vita haingoji."

Tackett aliteremka akaenda ubavuni. Alichuchumaa chini ya herufi kubwa za fedha na kuzitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba wanaume wa uwanjani wakaanza kunong'onezana kwamba huyu naye kashikwa na mzimu. Zilikuwa herufi safi. Kingo zake za chini zilikuwa zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe. Hakuna tone lililotiririka, hakuna pahali palipofumuka kwa unyevu. Katika herufi ya mwisho tu palikuwa na alama za vidole vinne, mtu amegusa rangi ingali mbichi.

"Kabari ziko wapi?" aliuliza akiinuka. "Vyuma vya kuzuia magurudumu."

Marvel alitazama huku na huku. "Huwa hapo chini. Sherifu anasema Tsukuda alizipiga teke."

"Zile? Aliyezipiga teke tungemtambua kwa kuchechemea."

Walizitafuta. Hazikuwa relini, hazikuwa shimoni, hazikuwa katika majani makavu kando ya uzio. Hatimaye Tackett alisimama mbele ya mlango wa stoo ndogo iliyokuwa na kufuli.

"Ufunguo anao nani?"

"Bosi Bowman peke yake. Humo kuna bendera na vitambaa vya sherehe ya jana, ya kumpa jina jipya."

Ufunguo wa Bowman haukuwapo, lakini kufuli lilikuwa la kampuni, na Tackett alikuwa na nyenzo za kampuni. Ndani, nyuma ya vitambaa vyekundu, vyeupe na vya buluu vilivyokunjwa vizuri, kabari zilikuwa zimepangwa ukutani mbili mbili, zimefutwa grisi, kama viatu vya wageni mlangoni.

Marvel alifunika mdomo kwa tambara, akasahau kuwa lina grisi.

*

Jela ya Tolliver ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja kilikuwa kimejaa viazi vya mke wa sherifu. Sherifu Ansel Corley alikuwa mtu mpana, mchangamfu, ambaye hakupenda kazi imrudie mezani mara ya pili.

"Umeshatia sahihi?"

"Kalamu imekauka."

"Nina kalamu."

"Najua unayo, Ansel. Kwanza nimwone."

"Utaona nini? Alifukuzwa kazi Februari pamoja na Wajapani wenzake wote. Ana kinyongo. Watu wawili wamemwona akipenya kwa mlango wa nyuma wakati wenzake wanakula. Na mkono wake una rangi ya fedha, ile ile! Unataka nini tena, aje akuimbie?"

Genzo Tsukuda alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mgongo umenyooka, kofia magotini. Ni mtu wa zaidi ya miaka sitini. Alikuwa amezilaza na kuziamsha injini za Tolliver tangu wengi wa wanaomtuhumu wakiwa wananyonya. Vidole vinne vya mkono wake wa kulia vilikuwa na rangi kwenye ncha.

"Mzee Tsukuda. Mimi ni Tackett."

"Nakujua. Ulikuwa mpakia makaa mbaya."

Sherifu alicheka kwa kushtukiza, kisha akakumbuka kazi yake, akaacha.

"Ulikwenda kufanya nini pale jana?"

"Kuangalia."

"Kuangalia nini?"

Mzee alizungumza na kofia yake. "Walinitoa mimi kwanza. Kisha nikasikia wanamtoa na yeye, 2714, jina. Nikataka kuona kama ni kweli."

"Ukaigusa rangi."

"Ilikuwa mbichi. Kitu kibichi unakigusa."

"Fenner alikuona?"

Lyle Fenner ndilo lilikuwa jina la mchoraji aliyekufa. Mzee alilipokea jina hilo kama mtu anayepokea kikombe cha moto.

"Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shimo, mbele ya injini, anakula. Hakwenda kwenye pai, alisema hotuba imemharibia tumbo. Alinikatia nusu ya sandwichi yake. Akaniambia, 'Genzo, usiniudhi, ukiharibu herufi utaniandikia upya wewe.' Tukacheka. Mimi nikaondoka kwa mlango wa nyuma."

"Koki za silinda zilikuwa zinatoa mvuke?"

"Hapana."

"Hukuona ajabu?"

"Niliona. Si injini yangu tena." Alifuta ncha za vidole kwenye suruali. "Hilo ndilo nililojiambia. Si injini yangu tena."

Nje, upepo ulisukuma mlango, ukaacha.

"Kisha nikasikia magurudumu," Tsukuda alisema. "Nilikuwa nimefika kwenye uzio. Huwezi kukosea sauti ile. Nikamsikia Fenner akiita, mara moja tu. Nikasimama. Nikawaza: nikikimbia kwenda, ni mimi niliyefanya. Nikikimbia kutoka, ni mimi niliyefanya." Aliigeuza kofia magotini. "Basi nikatembea. Nikatembea hadi nyumbani, nikakaa mezani na nusu ya sandwichi, nikawangoja."

Sherifu Corley alikuwa ameacha kutafuna alichokuwa akitafuna.

Walipotoka nje, alisema, "Hiyo haithibitishi kitu, Orrin."

"Haithibitishi. Sasa sikiliza vyuma. Mpini wa mvuke umefungwa na umebanwa ukiwa umefungwa. Hujuma gani hiyo, ya kuingia, kufungua mvuke, kuutembeza mzigo ule, kisha kurudi kuufunga huku injini inaanguka? Kabari ziko stoo, chini ya kufuli, zimepangwa na kufutwa. Mzee aliyefukuzwa kazi ana ufunguo wa stoo?"

"Labda aliuiba."

"Labda. Na rangi? Koki zikiwa wazi, mvuke unatoka chini na kupanda ubavuni, rangi mbichi inatiririka yote. Herufi zile hazina hata tone. Maana yake koki zilifungwa tangu Fenner anaanza kuandika, na mvuke uliovuja ukajikusanya ndani hadi ukaisukuma. Asubuhi, Ansel. Mbele ya kampuni nzima, mkuu wa reli wa wilaya, na mpiga picha. Mzee alipofika mchana, injini ilikuwa imekwisha kutegwa, na waliotega walikuwa wanakula pai."

Sherifu alivua kofia, akaangalia ndani yake kana kwamba jibu limeandikwa huko. "Gari linafika alasiri. Ukinipa mtu atakayesimama na kusema hivyo kwa mdomo wake, nafungua pingu. Usiponipa, napakia. Nina mji hapa, Orrin. Jana usiku walikuja kuuliza kama nina kamba."

*

Harlan Bowman, msimamizi wa banda la injini, alipatikana mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyekuwa: kwenye ukingo wa shimo, karibu na pua ya 2714, amekaa pale pale alipokuwa amekaa Fenner. Alikuwa mtu mrefu, safi, wa kunyoa kila siku. Leo hakuwa amenyoa.

"Nasikia umevunja kufuli langu," alisema bila kugeuka.

"Nimelifungua. Bado zima."

"Umetia sahihi?"

"Harlan, panda nami ndani ya injini. Dakika moja. Unionyeshe jinsi mlivyoilaza jana."

"Ililazwa kwa kufuata kanuni."

"Basi panda."

Bowman hakuinuka. Ndani ya tumbo la injini kitu kililia *tak*, na mabega yake yaliruka kama amepigwa.

"Umeisikia?" aliuliza.

"Chuma kinapoa."

"Wewe unasikia chuma." Alisugua uso kwa viganja. "Fenner alikuwa ndugu wa mke wangu. Unajua hilo? Ida analia tangu jana na ananiambia, Harlan, Mungu akubariki kwa kumkamata yule Mjapani. Ananiambia hivyo huku ameshika mkono wangu. Mkono huu."

Tackett aliketi kando yake. Hakutoa beji, hakutoa kalamu. "Mpiga picha alitaka fito zinazounganisha magurudumu ziwe chini."

"Wote wanataka hivyo. Zikiwa juu, ati injini inaonekana kilema." Bowman alicheka kicheko kisicho na kitu ndani. "Nikapanda mwenyewe, nikaisogeza kidogo mbele. Mkuu wa wilaya akaniita nishuke haraka, hotuba inaanza. Mpini nikauacha mbele. Miaka yote hii, sijawahi."

"Na pampu?"

"Ilikuwa inapiga kelele, hotuba haisikiki. Mkuu akafanya hivi kwa mkono." Alikata hewa kwa kiganja. "Kabari zilikuwa na kutu, zingeonekana kwenye picha. Nikasema zitolewe, nitazirudisha. Mpiga picha akasema baada ya chakula anataka picha moja zaidi jua likigeuka. Basi nikasema zibaki."

"Na koki?"

Upepo ulileta harufu ya rangi, au walidhani umeleta.

"Koki ni Lyle," alisema hatimaye. "Alikuwa amepanda kwenye ngazi yake, brashi mdomoni. Akanipigia kelele: 'Harlan, funga hayo mavuke yako, jenerali wangu analowa!' Watu wakacheka. Nikafunga. Kila nikifumba macho ananiambia tena. Hana hasira. Angekuwa na hasira ningevumilia. Ananitania, Orrin. Vile vile na brashi yake mdomoni."

Injini ilitoa pumzi ndefu. Safari hii Tackett naye aliisikia zaidi ya alivyotaka kuisikia.

"Kisha ukamwachia mzee wa watu mzigo."

"Sikusema ni yeye! Sikutaja jina lake!" Bowman aligeuka kwa mara ya kwanza, macho yalikuwa mekundu. "Nilitoka kantini, nikaona, nikaanza kufungua kinywa, na kabla sijatoa neno, mji mzima ulikuwa tayari una jina. Walikuwa wanapiga kelele. Mimi nilinyamaza tu. Hicho ndicho nilichofanya, nilinyamaza."

"Unaijua kelele hiyo?"

"Naijua kuliko wewe. Babangu alikuwa Baumann hadi mwaka 1918. Mwokaji mikate. Vita ile nyingine, walikuja wakampaka mlango rangi ya manjano kwa sababu ya jina la Kijerumani. Alitoka na ndoo akaosha, wakarudi wakapaka tena. Siku ya tatu akaenda mahakamani akawa Bowman, akarudi kuoka mikate yao. Alikuwa akiniambia, usiwape sababu, Harlan. Jana walipoanza kupiga kelele nilikuwa na miaka kumi tena, nimeshika ndoo."

"Sasa una thelathini na nne."

"Nikisema, Ida atajua nimemuua ndugu yake. Mkuu wa wilaya atakana kila kitu. Nitafukuzwa. Labda nitafungwa."

"Labda," Tackett alisema. "Sitakudanganya kwamba hutafungwa. Fenner alikufa kwa kosa, Harlan. Yule mzee, akipanda gari lile leo, hatakuwa kosa. Huyo utakuwa umempeleka huku unaona."

Kutoka mbali upande wa mashariki, gari la alasiri lilipiga honi.

Bowman aliinuka. Alijipangusa vumbi la suruali kwa uangalifu, kama mtu anayekwenda kanisani, akaanza kutembea. Baada ya hatua chache alisimama, akamwangalia Tackett.

"Twende pamoja. Nikiwa peke yangu nitapita njia ya nyumbani."

*

Nusu ya mji ilikuwa stesheni, hata wale ambao hawakuwa na mtu wa kumpokea. Tsukuda alisimama kati ya Sherifu Corley na naibu wake, pingu mkononi, kofia kichwani imenyooka. Watu walikuwa wameacha nafasi kumzunguka, kama moto unavyoachiwa nafasi. Marvel Oates alikuwa mbele kabisa, uso bado una doa la grisi.

Gari lilisimama. Mvuke ukatapakaa chini ya miguu ya watu.

"Ansel," alisema Bowman. Sauti haikutoka vizuri. Akajaribu tena, na safari hii ilifika hadi nyuma: "Ansel, mfungue. Ni mimi."

Aliyasema yote. Hakuyapamba. Fito, mpini, pampu, kabari, koki. Watu wa reli waliokuwapo walielewa kila neno, na ndiyo maana hakuna aliyezomea. Kila mmoja wao aliwahi kuacha kitu kimoja kwa sababu mkubwa alikuwa na haraka. Nyuma ya umati, mwanamke aliyevaa nyeusi aliweka mkono ukutani, kisha akageuka na kwenda zake peke yake, na hakuna aliyemfuata. Bowman alimwona mkewe. Aliendelea kusema hadi mwisho.

Sherifu alitafuta ufunguo katika mifuko yote ndipo akaukuta mkononi. Pingu zilianguka. Gari liliondoka na kiti kimoja kitupu.

"Uko huru, Tsukuda," alisema, akitazama mahali pengine. "Wewe, Harlan, uje ofisini kesho. Usiende popote."

Umati uliyeyuka bila kuangaliana. Walibaki watatu jukwaani: Tackett, Bowman na mzee, aliyekuwa akisugua vifundo vya mikono. Hakutoa shukrani, na hakuna aliyeitazamia.

"Mazishi ya Fenner ni lini?" aliuliza.

"Kesho asubuhi," alisema Bowman. "Kanisa la Kilutheri. Mzee, hawatakukaribisha."

"Najua. Nitasimama nje."

Bowman alitazama njia iliyokwenda nyumbani kwake. Mwanamke mwenye nguo nyeusi alikuwa amekwisha kupotea kwenye kona.

"Upande gani utasimama?" aliuliza.

"Kwenye ua. Kuna ukuta unaokinga upepo."

"Niachie nafasi," alisema Bowman.

Mzee alimtazama, kwa muda ambao Tackett hakupenda kuuhesabu. Kisha akasogea kidogo pale jukwaani, kama mtu anayesogea kwenye benchi, wakakaa hivyo wote wawili, wakiangalia reli tupu. Tackett alitoa kalamu yake, akakumbuka kuwa hakuna tena cha kutia sahihi, akairudisha mfukoni.